Kisiwa cha Changuu na Watu Waliofungwa Humo

Ninyi mlio katika vikundi, vuteni viti karibu. Mwenye daftari na alifungue, na asiye na daftari na atege sikio, maana sikio nalo ni daftari. Mwisho wa somo nitatoa maswali machache ya kuzungumza, kama ilivyo desturi yetu.

Leo hatutakaa darasani. Leo tutapanda mashua twende kisiwani, kwenye kisiwa kidogo ambacho watu hukiendea kuogelea, kupunga upepo na kula samaki. Kisiwa hicho ni Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar. Labda wewe unakusudia kufika Unguja kwa mara ya kwanza, kwa likizo au kuwatazama jamaa. Au labda ulizaliwa Unguja, na umekiona kisiwa hiki tangu utoto kila ulipokwenda Forodhani, lakini hujapata kukikanyaga. Watu wa namna ya pili ni wengi, kwa sababu kitu kilicho karibu huahirishwa mpaka kesho, na kesho nayo haifiki. Somo hili ni la ninyi nyote wawili.

Changuu kiko kaskazini-magharibi ya Mji Mkongwe, yapata kilomita 5 na nusu, yaani kama maili 3 na nusu. Urefu wake ni kama meta 800, na pale kilipo kipana kabisa ni kama meta 230. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, chenye miti, na upande mmoja kina ufuko wa mchanga mweupe. Jina lake latokana na samaki aitwaye changu, ambaye kila mpishi wa pwani anamjua.

Lakini wageni wengi hawakiiti Changuu. Wao hukiita Kisiwa cha Gereza, na utalikuta jina hilo katika vibao na katika vitabu vya wasafiri. Basi, kabla hatujapanda mashua, andika swali hili katika daftari lako: Ni nani waliofungwa katika Kisiwa cha Gereza? Ukimwuliza mtu wa kwanza utakayemkuta pwani, huenda akakujibu bila kufikiri, "Walifungwa wahalifu." Jibu hilo si sahihi. Tutalitafuta jibu la kweli pamoja, hatua kwa hatua.

SAFARI

Mashua za kwenda Changuu hupatikana pwani ya Mji Mkongwe. Siku hizi ni mashua za mashine, na safari huchukua kama nusu saa, kwa kutegemea bahari ilivyo. Nakushauri mambo matatu. La kwanza, vaa viatu usivyovionea uchungu vikilowa, kwa kuwa bahari hujaa na kupwa, na huenda ukashukia majini. La pili, chukua kofia na maji ya kunywa. La tatu, patana bei kabla ya kupanda, na mpatane bei ya kwenda na kurudi.

Lishike neno hilo, kurudi. Wewe utapatana na nahodha saa ya kurudi, naye atakungoja. Watu wengi waliopelekwa Changuu kabla yako hawakupatana na mtu yeyote saa ya kurudi.

Chombo kikiondoka, geuka nyuma uutazame mji. Utaiona Ngome Kongwe, na jumba la Beit al-Ajaib, ambalo Sultani Barghash bin Said alilijenga, likamalizika mwaka 1883. Kisha tazama mbele, upande wa mkono wa kulia. Kuna kisiwa kingine kidogo, Chapwani, ambacho huitwa pia Kisiwa cha Makaburi. Humo wamezikwa mabaharia wa Kiingereza, na miongoni mwao ni watu wa manowari iitwayo Pegasus, iliyopigwa mizinga na manowari ya Wajerumani, Königsberg, hapa hapa bandarini Zanzibar, tarehe 20 Septemba 1914.

Kwa nini nakuonyesha makaburi katika siku ya mapumziko? Nataka uone desturi moja ya watawala. Mahali penye bandari kubwa, visiwa vidogo vilivyo mbele ya mji havikuachwa bure. Viliwekwa vitu ambavyo wenye mamlaka hawakutaka viwe katikati ya mji. Bahari ni ukuta ambao haujengwi na fundi wala hautengenezwi kila mwaka. Mtu aliyewekwa ng'ambo ya maji, bila chombo, amekwisha fungwa, hata kama hakuna kufuli.

ZAMANI ZA WATUMWA

Sasa tumefika. Kaa chini ya mti, upumzike, nami nikueleze habari za kwanza.

Kwa muda mrefu Changuu hakikuwa na watu wakaao. Katika miaka ya 1860 Zanzibar ilitawaliwa na Sultani Majid bin Said, aliyeshika utawala mwaka 1856 baada ya kufa baba yake, Seyyid Said bin Sultan, na kuendelea mpaka alipokufa mwaka 1870. Inasimuliwa kwamba Majid aliwapa Waarabu wawili kisiwa hiki, nao wakakitumia kuwafungia watumwa waliokaidi. Watumwa hao waliwekwa hapa mpaka wapelekwe ng'ambo kwa vyombo, au wauzwe katika soko la mjini.

Fikiri jambo hilo polepole. Mtumwa aliyeitwa mkaidi alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mtu aliyechukuliwa kwao, labda karibu na Ziwa Nyasa, labda mbali zaidi, akatembezwa kwa miguu mpaka pwani, akavushwa bahari, na bado akakataa kutii. Pengine alijaribu kutoroka. Pengine alimpiga aliyempiga. Katika macho ya mwenye kumuuza, huo ulikuwa ukaidi. Katika macho yako wewe uliyekaa chini ya mti huu leo, utauitaje? Swali hilo mtalijibu wenyewe katika vikundi.

Biashara hiyo ya watumwa ilikuwa kubwa Zanzibar katika karne ya 19. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalitaka mikono, na nchi za Arabuni na Ghuba ya Uajemi nazo zilinunua. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, aliyemfuata ndugu yake Majid, alitia sahihi mkataba na Waingereza, huku akitishwa kwamba manowari zao zitaifunga bandari yake. Kwa mkataba huo soko la watumwa lilifungwa, na kusafirisha watumwa kwa bahari kukakatazwa. Mahali pa soko la mwisho, Mkunazini, wamisionari wa Kiingereza walijenga kanisa kuu, na aliyesimamia kazi hiyo ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyeshughulika sana na lugha ya Kiswahili.

Lakini msidhani kwamba utumwa wenyewe ulikwisha siku ile. Kilichokatazwa mwaka 1873 kilikuwa soko na usafirishaji. Waliokuwa watumwa katika mashamba na majumba waliendelea kuwa watumwa. Amri ya kuondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, na hata hiyo iliwaacha masuria, ambao sheria haikuwafikia mpaka mwaka 1909. Andika miaka hiyo mitatu, 1873, 1897 na 1909, maana watu wengi huikumbuka ya kwanza tu.

Basi waliofungwa Changuu mwanzo walikuwa watumwa. Hawakuhukumiwa na kadhi wala hakimu yeyote. Kosa lao lilikuwa kutotaka kuuzwa.

GEREZA LISILOPATA WAFUNGWA

Sasa inuka, twende kwenye kuta. Utaona jengo la mawe, lenye vyumba vilivyopangwa kuzunguka ua. Hili ndilo gereza lililokipa kisiwa jina lake.

Mwaka 1890 Zanzibar ilitiwa chini ya himaya ya Waingereza. Sultani alibaki katika kiti chake, lakini mambo ya serikali yakawa mikononi mwa maofisa wa Kiingereza. Mkubwa wao katika serikali ya Sultani alikuwa Lloyd Mathews. Bwana huyu alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Alianza kulifundisha jeshi la Barghash mwaka 1877, na mwaka 1891 akafanywa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Zanzibar. Alishika kazi hiyo mpaka alipokufa, Zanzibar, mwaka 1901.

Mwaka 1893 Mathews alikinunua kisiwa cha Changuu kwa ajili ya serikali, na gereza likajengwa. Nia ilikuwa kuwaleta hapa wahalifu wakali, kutoka Zanzibar na kutoka nchi nyingine zilizokuwa chini ya Waingereza upande huu. Kuta zikasimama, vyumba vikawa tayari, na jina la Kisiwa cha Gereza likaenea.

Hapa ndipo penye jambo la kushangaza. Wahalifu wale hawakuletwa. Gereza hili halikutumiwa kamwe kufunga wahalifu. Haja nyingine ilitokea, nayo ikalichukua jengo.

Ndugu msikilizaji, jifunze jambo kutokana na hili. Jina la mahali ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa nia ya mtu aliyelitoa. Jina hili latwambia kile serikali ilichotaka kufanya mwaka 1893. Halitwambii kilichofanyika. Mwanafunzi wa historia akikuta jina, huuliza: Nani alilitoa? Alilitoa lini? Je, alilolikusudia lilitimia? Kuuliza si ujinga.

KARANTINI

Haja iliyotokea ilikuwa maradhi.

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa bandari kubwa kupita zote upande huu wa Afrika. Majahazi yalikuja kwa upepo wa kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakarudi kwa upepo wa kusi. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za moshi nazo zikazidi. Chombo huleta tende, mchele, nguo na wageni, na pamoja nao huleta maradhi bila kuyataja katika hati zake.

Watu wa Zanzibar walikuwa wameyaonja. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliupiga mji vikali na kuua watu wengi sana. Daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi mjini wakati huo, James Christie, alitunga kitabu juu ya habari hizo, kikatolewa mwaka 1876. Alieleza jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na watu, kwa njia za misafara na kwa vyombo vya baharini. Kisha mwaka 1894 tauni ilizuka Hong Kong, na mwaka 1896 ikafika Bombay. Msafiri kutoka Bombay aliweza kufika Zanzibar katika meli moja tu. Serikali ikaingiwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu.

Basi Changuu kikafanywa kisiwa cha karantini, kwa ajili ya nchi zote za Waingereza katika Afrika ya Mashariki. Abiria wa meli zilizotiliwa shaka walishushwa hapa, wakakaa chini ya uangalizi kwa wiki moja mpaka mbili, ndipo wakaruhusiwa kuendelea na safari. Jengo la gereza likatumiwa kuwa hospitali. Miezi yenye kazi nyingi ilikuwa Disemba mpaka Machi, nayo ni majira ya kaskazi, wakati vyombo vya kutoka kaskazini na mashariki vinapoingia.

Neno hili karantini lina historia yake. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, katika pwani ya Bahari ya Adriatiki, ulitoa amri kwamba watu watokao mahali penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku zikaongezwa zikawa 40. Katika lugha ya Italia arobaini ni quaranta, na humo ndimo neno letu lilimotoka. Mji wa Venice nao, mwaka 1423, ulifanya hospitali ya wagonjwa wa tauni katika kisiwa kidogo mbele ya mji. Unaona basi kwamba wazo la Changuu lilikuwa wazo la kale: mji wa biashara, kisiwa mbele yake, na mgonjwa katikati ya maji.

Kwa nini wiki moja au mbili? Mtu akiambukizwa ugonjwa, haugui papo hapo. Vijidudu huingia mwilini, vikazaana kimya kimya kwa siku kadhaa, ndipo dalili zikaonekana. Kwa kipindupindu ni saa chache mpaka siku 5 hivi. Kwa homa ya manjano, mara nyingi siku 3 mpaka 6. Kwa tauni, siku 1 mpaka 7. Mtu akikaa wiki mbili bila kuugua, yawezekana kumwachilia. Hiyo ndiyo hesabu ya karantini. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, watu wa dunia nzima waliijua tena hesabu hii katika miili yao, na wengine kati yenu mnakumbuka.

Sitaki kuwadanganya kwamba karantini ilikuwa ubaya mtupu. Iliwalinda watu wa mji, maskini na matajiri, na wale wa Ng'ambo pamoja na wale wa Mji Mkongwe. Lakini mkumbuke pia yule aliyekaa humu. Huenda alikuwa mama mwenye mtoto mchanga, au mfanyabiashara ambaye mali yake yaharibika melini, au kijana anayekwenda kutafuta kazi. Mji ulikuwa mbele yake. Usiku aliziona taa zake. Hakuwa mhalifu. Kila asubuhi aliangaliwa kama ana homa, na kila asubuhi alihesabu siku zilizobaki.

Homa ya manjano ilipopatiwa chanjo katika miaka ya 1930, na maradhi mengine kupata dawa bora, haja ya kuwashusha abiria wazima kisiwani ikapungua. Cheti cha chanjo kikafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kisiwa. Hata leo msafiri anayeingia Tanzania akitoka nchi yenye homa ya manjano hutakiwa kukionyesha. Kijitabu hicho kidogo mfukoni ndicho kilichochukua mahali pa Changuu.

KOBE

Sasa twende tukawatazame wenyeji wakubwa wa kisiwa. Watoto wamekuwa wakiwangoja tangu tuliposhuka.

Hawa ni kobe, usiwachanganye na kasa. Kasa hukaa baharini na ana mapezi. Kobe hutembea nchi kavu na ana miguu mizito kama ya tembo. Kobe hawa asili yao ni Aldabra, visiwa vilivyo katika nchi ya Shelisheli. Dume mkubwa huweza kupita kilo 200, na umri wao huweza kupita miaka 100.

Zamani, kobe wakubwa wa namna hii walikuwa katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi. Mabaharia waliwamaliza karibu kote. Kobe huweza kukaa muda mrefu bila chakula wala maji, kwa hiyo walipakiwa melini wakiwa hai, wakachinjwa njiani mmoja mmoja, ili watu wapate nyama mbichi. Mwaka 1874 wataalamu wa Uingereza, pamoja nao Charles Darwin, walimwandikia gavana wa Mauritius barua ya kumwomba awalinde kobe wa Aldabra wasiishe. Hao walisalimika, na leo Aldabra ina kobe wasiopungua 100,000 hivi.

Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alileta Changuu zawadi ya kobe wanne. Wakazaana vizuri. Kufikia mwaka 1955 walikuwa kama 200. Halafu wakaanza kuibwa, wengine wakauzwa nchi za nje kwa watu wapendao kufuga wanyama wa ajabu, wengine wakaliwa. Mwaka 1988 walibaki kama 100. Mwaka 1990, kama 50. Mwaka 1996, kobe 7 tu. Mwaka huo huo waliletwa watoto 80 wa kobe ili kuongeza idadi, na 40 kati yao wakatoweka. Ndipo serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kuwalinda wanyama, ilipojenga ua imara. Mwaka 2000 walihesabiwa wakubwa 17, wa makamo 50 na wadogo 90.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka 200 mpaka 7 ni kobe 193 waliopotea katika miaka 41. Hawakufa kwa ugonjwa wa ghafula. Walichukuliwa na mikono ya watu, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, na kila aliyechukua alijisemea kwamba mmoja hapunguzi kitu.

Utaona namba zilizopakwa rangi juu ya magamba ya baadhi ya kobe. Hizo huonyesha umri wao. Mwanafunzi wa historia akiona namba hiyo hufanya hesabu. Kama kobe wa kwanza waliletwa mwaka 1919, basi kobe aliyezaliwa hapa kisiwani hawezi kuwa na umri unaozidi miaka iliyopita tangu mwaka huo. Mwenye umri mkubwa zaidi hana budi alizaliwa kwingine, akaletwa. Namba moja ya rangi juu ya gamba imekufungulia habari ya safari ndefu ya baharini.

Walinzi watakuruhusu kuwalisha majani. Mlishe kwa taratibu. Usimkalie kobe kwa ajili ya picha, wala usimwinue mdogo wake. Na ukienda kuogelea, usisimame juu ya matumbawe, maana yana uhai, nayo huota polepole kuliko subira ya mtu.

MAPUMZIKO

Labda umechoka na historia, unataka maji. Haya, nenda ukaoge. Wala hutakuwa wa kwanza kupumzika hapa. Tangu mwisho wa miaka ya 1890 palikuwa na nyumba kisiwani, iliyoitwa Bangaloo la Wazungu, kwa ajili ya watu wa mjini waliokuja kupumzika. Miezi ambayo karantini haikuwa na kazi, kisiwa kilikuwa mahali pa starehe.

Kwa hiyo kisiwa kimoja, katika mwaka mmoja, kilikuwa kifungo kwa wengine na likizo kwa wengine. Mchanga ulikuwa ule ule, na upepo ule ule. Tofauti ilikuwa hii: wengine walikuwa na chombo cha kurudi wapendapo, na wengine hawakuwa nacho.

Hapo tumepata jibu la swali tuliloliandika mwanzo. Ni nani waliofungwa katika Kisiwa cha Gereza? Walifungwa watumwa, ambao kosa lao lilikuwa kukataa utumwa. Waliwekwa abiria, ambao kosa lao lilikuwa kutoka mahali penye ugonjwa. Na leo wamezungushiwa ua kobe, wasio na kosa lolote, ili wasiibwe na wenye kosa. Wahalifu, ambao kwa ajili yao kuta zilijengwa, hawakuonekana.

Sisemi haya ili nikuharibie siku. Kula samaki wako, cheka na watoto, piga picha. Lakini saa ya alasiri, nahodha atakapokuita, simama kidogo kabla ya kuingia majini. Tazama mji ulio ng'ambo, kama walivyoutazama wale. Kisha panda, urudi. Ukifika nyumbani ukaulizwa ulikwenda wapi, sema, "Nilikwenda Changuu," na ueleze kwa nini hukusema Kisiwa cha Gereza. Ukifanya hivyo, na wewe utakuwa mwalimu wa historia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini watawala walipenda kutumia visiwa vidogo vilivyo mbele ya bandari? Taja sababu mbili.

2. Eleza tofauti ya mambo yaliyokatazwa mwaka 1873 na mwaka 1897.

3. Karantini huwalinda wengi kwa kuwazuia wachache. Ni mambo gani ambayo wachache hao wanastahili kupewa wakati wanapozuiwa?

4. Kobe 193 walipotea kidogo kidogo. Je, katika kijiji au mtaa wenu kuna kitu kinachopotea kwa namna hiyo?

5. Tafuteni jina moja la mahali karibu nanyi. Waulizeni wazee nani alilitoa, na je, lasema kweli?

Andikeni majibu yenu katika daftari, na mwenye mzee nyumbani akamwulize la tano usiku huu huu, maana wazee hawangoji. Kwaherini, mpaka somo lijalo.